Miembe ni ya baba yake, chupa ni za nani?

Shikamoo Somo,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Pongwe, Tanga, pamoja na mume wangu na mavyaa, yaani mama yake mume wangu. Siku za kazi nashinda ofisini mjini, narudi magharibi. Uani kwetu kuna miembe mitatu, dodo miwili na bolibo mmoja, yote aliipanda marehemu baba mkwe. Kuanzia Novemba maembe hutuelemea. Tunakula, tunawapa majirani, mengine nzi wa matunda wanatuwahi, yanayobaki yanaozea chini ya mti mpaka ua mzima unanuka pombe. Miaka miwili sasa nimekuwa nikiyatengeneza achari. Ya mwaka jana iliota ukungu karibu yote, lakini sikukata tamaa.

Mwaka huu nilijipanga. Nilinunua chupa mpya 24 kwa shilingi 700 moja, kwa sababu zile za mwaka jana zilikuwa za kahawa na mayonezi za kuokoteza. Sukari kilo 6 kwa 18,000, siki chupa 3 kwa 7,500, mafuta 6,500, mkaa 6,000, na viungo (uwatu, haradali, manjano, thomu, pilipili) 6,000. Zote zilitoka kwenye mshahara wangu. Jumanne usiku nilikata maembe mabichi nikayatia chumvi, na mavyaa akayaanika kwenye ungo hadi Ijumaa. Jumamosi iwe ni kupika achari tu.

Ijumaa usiku ukavuma upepo na mvua. Nikawa nimelala nasikia maembe yanaangukia bati, pu, pu, kama mtu anatupa mawe. Saa kumi na moja alfajiri natoka na tochi nakuta bolibo mabivu ya kujaza mabeseni matatu, mengi yamepasuka. Embe lililopasuka halikungojei. Nikasema basi, na jamu leo leo.

Somo, siku ile sikukaa. Binti yangu wa miaka 12 alimenya tangu saa moja. Kaka yake wa miaka 15 alishakwenda mpirani. Mdogo wao alikuwa anapita na kula kokwa, anashika kila kitu kwa mikono inayonata. Mavyaa amekaa kwenye mkeka, mara achari yangu ina siki nyingi, mara wao hawakutia siki kabisa na haikuoza, mara mwiko naushika vibaya. Saa sita kasoro mume wangu akaingia na wenzake watatu, wametoka mazikoni Muheza. Akaniita pembeni, "Mama, hawa hawajatia kitu kinywani tangu asubuhi." Nikaacha sufuria ya pili ya jamu jikoni, nikamwambia binti akoroge, nikaenda kupika wali na samaki. Kumbe binti naye kaitwa na bibi yake akalete maji ya kunawa wageni. Niliisikia harufu kabla sijaona moshi. Kilo 2 za sukari na kilo mbili na nusu za maembe, chini imekuwa lami.

Nilifunga chupa ya mwisho saa nne usiku: achari 16, jamu 8. Jamu yenyewe ilikuwa haijashika, ukiinamisha chupa inakimbia kama uji. Binti midomo imemvimba na viganja vina vipele.

Jumapili wifi yangu akaja na gari kutoka Dar. Nimetoka kuoga nakuta mavyaa ameshampakilia chupa 11 za achari kwenye boksi la biskuti, kashazitandikia na magazeti. Sikusema neno. Usiku nikachukua chupa sita nikazificha chini ya kitanda. Jumatano mume wangu anatafuta viatu, akazikuta. Akaniuliza, "Unamnyima dada yangu maembe ya baba yake?"

Tangu siku hiyo mavyaa anamwambia kila anayepita kwamba yeye hajawahi kuwa mwizi kwenye nyumba ya mwanawe. Mume wangu ananisalimu kama karani mwenzangu. Na mimi, kusema kweli, natamani kuikata ile miembe. Nimekosea wapi Somo? Na nifanyeje na hii jamu?

Mama wa Miembe Mitatu, Pongwe


Marahaba mwanangu,

Miembe usiikate. Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza kwa hasira yako, mara ya pili nikiwa na kalamu na karatasi. Hizo mara mbili hazikunipa jibu moja.

Nianze na karatasi. Ulichotoa mfukoni ni shilingi 60,800. Ukigawa kwa chupa 24, kila chupa ilikugharimu shilingi 2,533 kabla hujahesabu jasho la mtu yeyote. Boksi la biskuti lililopanda gari kwenda Dar lilikuwa na karibu shilingi 28,000 zako. Mumeo akisema maembe ni ya baba yake, kasema kweli, wala usimbishie hapo. Wifi yako akija na kapu akatikisa tawi akajaza, ni haki yake kama alivyofanya akiwa mtoto. Ila baba mkwe, Mungu amrehemu, alipanda embe. Hakupanda sukari, siki wala chupa ya shilingi 700. Mumeo hajui bei hizo kwa sababu hukumwambia. Unanunua kimya, unapika kimya, halafu unaumia kimya, na yeye anaona chupa zimejipanga tu mezani kama zilizoota mtini.

Sasa upande wa pili. Umeniandikia habari za siku nzima, upepo, bati, moshi, lami. Mavyaa wako umempa sentensi moja: aliyaanika kwenye ungo hadi Ijumaa. Mwanangu, nimewahi kuanika maembe ya achari. Mtu hutandazi ungo ukaenda zako. Unakaa nao. Unafukuza kuku, unafukuza mbuzi wa jirani, wingu likitanda unanyanyuka na magoti yako mabovu kuuingiza ndani, likipita unautoa tena, mchana unageuza kipande kimoja kimoja ili upande wa ganda nao upate jua. Siku tatu wewe ukiwa ofisini chini ya feni, yule mama alikuwa uani na kuku. Pasipo yeye Jumamosi ungekuwa na ndoo ya maembe yaliyochacha. Kwa hiyo aliposhika zile chupa kumpa binti yake, mkononi mwake ilikuwa ni kazi yake. Alizidisha, hilo nakubaliana nawe, 11 kati ya 16 ni nyingi, na alitakiwa akuulize. Lakini kugawa vitu vya wizi na kugawa vitu vya shirika bila kumuuliza mshirika ni makosa mawili tofauti, na wewe umemhukumu kwa lile la kwanza.

Tena ngoja nikuchokoze kidogo. Achari zilibaki 5, wewe ukaficha chupa sita. Maana yake uliondoa achari yote iliyobaki pamoja na jamu moja, familia ukawaachia jamu saba zinazokimbia kama uji. Nilicheka, nisamehe. Lakini fikiria mumeo kapiga magoti kutafuta viatu, kakuta hazina ile.

Nenda kwa mavyaa kwanza, kabla ya mumeo. Nenda jioni, akiwa peke yake kwenye mkeka wake, kaa chini, umpelekee chupa mbili za achari kati ya hizo tano. Usimwombe radhi kwa kukasirika, maana ulikuwa na sababu. Mwombe radhi kwa kuficha, kwa kuwa ndiko kulikomfanya aonekane mwizi mbele ya mwanawe. Kisha mwambie maneno haya au yanayofanana nayo: "Mama, mwakani tugawane kabla hatujafunga vifuniko. Lako fungu lako, ukimpa wifi ukimpa jirani, sikuulizi." Kwa chupa 16, mpe hata 6. Mzee anayekula kwa mwanawe, pesa hana, shamba hana, achari ndiyo kitu pekee alichonacho cha kumpa bintiye anapoondoka. Ukimwekea fungu lake halali hatakuwa na haja ya kuvizia ukioga.

Wifi mpigie simu mwenyewe, umuulize kama achari imefika salama. Yawezekana kabisa hajui lolote, anadhani wewe ndiye uliyempakilia, na anakusifu kwa wenzake huko. Usimdai chupa hata moja. Mwambie mwakani akija aje na sukari kilo 3 na chupa tupu. Watu wa Dar hawakatai hilo, wanapenda kusema wamechangia.

Mumeo mwonyeshe karatasi siku ambayo hakuna aliyenuna. Kuhusu wageni sitakuunga mkono, watu waliotoka mazikoni wanalishwa hata kama nyumba inaungua. Lakini yeye aliyekuja nao ana mikono miwili, na kukoroga jamu kwa dakika ishirini hakujamwondolea mwanamume yeyote uanaume wake. Ungemkabidhi mwiko palepale, ukamwambia ukiacha kukoroga inaungua. Hukumpa. Ulimpa binti, ambaye kila mtu mle ndani ana ruhusa ya kumtuma.

Na hapo ndipo nina neno nawe peke yako. Kijana wa miaka 15 alikwenda mpirani, binti wa miaka 12 akamenya kutwa mpaka midomo ikavimba. Hilo halikufanywa na mavyaa, halikufanywa na mumeo. Mwakani kijana apande mtini Ijumaa kabla upepo haujafanya kazi yake, achote maji, asafishe mabeseni, ndipo mpira. Kule kuvimba kwa binti kumetoka kwenye utomvu. Mwembe na mkorosho ni wa ukoo mmoja, na kama unavyojua ganda la korosho linavyobabua mkono, ndivyo utomvu wa kwenye kikonyo na ganda la embe unavyobabua baadhi ya watu. Embe lichumwe na kikonyo kirefu kidogo, likatwe kikonyo likiwa limeinamishwa utomvu uchuruzike chini, kisha lioshwe kwa maji mengi kabla ya kumenywa. Binti avae glovu au apewe kazi nyingine, na asile embe kwa kung'ata ganda. Vipele visipopungua, au uvimbe ukizidi usoni, mpeleke zahanati.

Jamu sasa. Usiimwage. Jamu huchukua hata siku nzima kushika ikipoa, lakini yako imeshapita wiki, kwa hiyo haitashika yenyewe. Sababu ni bolibo lililoiva sana. Embe kadiri linavyoiva ndivyo linavyopoteza ile nguvu ya kugandisha, na hukunitajia ndimu hata moja. Kwanza kagua kila chupa, yenye ukungu au inayotoa povu usiiguse tena. Zilizo nzima mimina nne kwa mara moja, si zote nane, kwenye sufuria pana ya stili, kamulia ndimu tatu, chemsha kwa moto mkali ukikoroga bila kupumzika. Weka sahani ndogo kwenye friji mapema. Dondoshea tone juu yake, subiri dakika moja, lisukume kwa ncha ya kidole. Likikunjamana kama ngozi ya maziwa, epua. Ukiwa na kipimajoto ni nyuzi 104 hadi 105 kwa sisi tulio usawa wa bahari. Mwakani changanya robo ya maembe mabichi kwenye kila sufuria, yana nguvu hiyo na uchachu wake, na ndimu usiache kamwe. Ndimu ina kazi kubwa kuliko ladha. Embe bivu la aina tamu linaweza kuwa na uchachu mdogo mno, na chakula kisicho na uchachu wa kutosha kikifungwa bila hewa kinaweza kukaribisha sumu isiyoonekana wala kunusika.

Sufuria zetu za alumini ziweke kando kwa kazi hii. Zinachubuliwa na siki na ndimu, na chakula kinapata ladha ya bati.

Ukungu wa mwaka jana mnagombea bure wewe na mavyaa, yeye akilaumu siki. Siki haina kosa, mradi lebo yake isisome chini ya asilimia 5. Achari yao isiyo na siki nayo haikuoza kwa sababu ilikuwa na chumvi nyingi, vipande vimekauka kweli na mafuta yamevifunika. Kosa naliona kwenye chupa. Vifuniko vya kahawa na mayonezi vilivyokwishatumika mpira wake ndani huwa umechoka, havibani tena. Na kama uliziosha ukazifuta kwa kitambaa cha jikoni, basi ukungu uliupanda kwa mkono wako. Chemsha chupa kwa dakika kumi, ziinamishe zikauke zenyewe, achari iingie ya moto chupa ikiwa bado ya moto, vipande vyote vizame, mafuta yasimame juu yake. Jamu baada ya kufungwa izamishwe tena kwenye maji yanayochemka dakika kumi. Kijiko cha kuchotea kiwe kikavu, na hapo yule mdogo wako mwenye mikono ya kunata awe mbali. Ukikuta ukungu usikwangue juu ukala chini, tupa chupa nzima.

Yale maembe ya upepo yaliyopasuka ulifanya vyema kuyapeleka kwenye jamu siku hiyohiyo. Ila kila moja lipasuliwe na kutazamwa karibu na kokwa, maana funza wa nzi wa matunda huanza ndani wakati ganda linang'aa. Ndiyo maana mimi naipenda achari kuliko jamu: embe bichi, gumu, unaliwahi kabla nzi hajalitamani. Dodo za miembe yako miwili zivune nusu zikiwa bichi mwishoni mwa Novemba na utapunguza hata yale yanayokuozea uani.

Wenzako wa ofisini wakianza kuuliza bei, na wataanza, usiuze chupa moja moja kimya kama ulivyonunua sukari. Nenda ofisi ya mkoa ya SIDO, lile shirika la kuhudumia viwanda vidogo, pale Tanga, uulizie mafunzo ya usindikaji na barua ya kukutambulisha TBS, Shirika la Viwango, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula. Na mwambie mumeo siku hiyohiyo.

Mwisho nina ombi. Kesho utakapokaa na mavyaa kwenye mkeka, muulize kipimo chake cha uwatu na kama anaukaanga kwanza au anautia mbichi. Mimi nimekuwa nikiuunguza miaka yote, achari inatoka chungu. Akikwambia, niandikie.

Somo wako